Intel, AMD au NVIDIA? Ulinganisho wa draiva za Linux kwa mnunuzi wa mashine iliyotumika Kampala

Kabla hujatoa hela, mwombe muuzaji akuruhusu uchomeke flashi yako yenye Linux, uwashe mashine kutoka kwenye flashi hiyo, ufungue dirisha la amri na kuandika `lspci -k`. Tafuta mistari yenye maneno VGA au 3D. Chini ya kila mmoja utaona draiva inayoendesha kadi ya grafiki: i915 au xe kwa Intel, amdgpu au radeon kwa AMD, nouveau (draiva huria isiyotoka kwa kampuni) kwa NVIDIA. Ikitokea mistari miwili, mashine ina kadi mbili, na hilo nitalieleza mbele. Wauzaji niliowazoea Kampala Road na William Street hawakatai jaribio hili, mradi usiwazibie wateja wengine kaunta.

Nasisitiza jaribio hili kwa sababu laptopi nyingi tunazouziwa Uganda zimeshatumika ng'ambo miaka mitano, sita, hata kumi. Linganisho nyingi za kadi za grafiki hupima kasi ya michezo kwenye kadi iliyotoka juzi. Sisi tunauliza mengine: kadi yenye umri huu, draiva yake inatunzwa na nani, itatunzwa hadi lini, na nitachoma bando kiasi gani kuifanya ifanye kazi?

Msimamo wangu ni huu. Kwa kazi za ofisi, shule na usanifu wa kawaida, chukua Intel. Ukihitaji nguvu zaidi, chukua AMD. NVIDIA ichukue ikiwa kazi yako inadai CUDA (njia ya NVIDIA ya kufanyia mahesabu mazito kwenye kadi), na kadi yenyewe ni ya kizazi cha Turing cha mwaka 2018 au cha baadaye. Sasa nieleze kwa nini.

## Kadi mbili za rika moja

Mwaka 2012 AMD ilikuwa ikiuza Radeon HD 7000 na NVIDIA ikaleta GeForce 600 za kizazi cha Kepler. Zilishindana bega kwa bega katika kila duka. Hebu tuzitazame zilivyo leo.

Kadi za Kepler ziliishia kwenye tawi (mfululizo wa matoleo) la draiva namba 470, na usaidizi wa tawi hilo ulikoma mwaka 2024. Keneli mpya, yaani kiini cha Linux, ikitoka na kubadilisha kitu ndani, kampuni haina tena mtu wa kulirekebisha tawi hilo. Watunzaji wa Ubuntu na matoleo mengine ya Linux hutia viraka kadiri wawezavyo, na siku viraka vikishindikana unabaki na keneli ya zamani au unarudi kwenye nouveau.

Kadi za AMD za rika hilo, zile zenye chipu ya GCN, zimekwenda njia tofauti kabisa. Miaka yote hiyo ziliendeshwa na draiva ya zamani, radeon, iliyomo ndani ya keneli. Katika keneli 6.19 zimehamishiwa kwenye amdgpu, draiva ileile inayoendesha kadi mpya za AMD, kwa kazi iliyosukumwa na waandishi wa programu wanaolipwa na Valve, kampuni ya duka la michezo la Steam. Mwenye kadi hiyo akisasisha mfumo wake tu, anapata Vulkan, njia ya kisasa ya michezo na programu kuitumia kadi, bila kupakua draiva ya pembeni. (Angalizo: baadhi ya kadi ndogo zenye jina HD 7000 ni chipu za zamani zaidi zilizobandikwa jina jipya. GeForce 600 nazo zina mtego huohuo. Amri ya `lspci` ndiyo itakayokwambia ukweli.)

Sisemi AMD ina huruma kuliko NVIDIA. Msimbo wa draiva yake uko wazi ndani ya keneli, kwa hiyo kadi ikishazeeka na kampuni ikageukia biashara mpya, mtu mwingine yeyote anaweza kuendelea kuitunza. Kwa nchi inayopokea mashine zikiwa na umri wa miaka saba, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika ulinganisho huu.

## Draiva iliyomo na draiva ya kupachika

Draiva za Intel na AMD zina sehemu mbili. Moja iko ndani ya keneli. Nyingine iko katika mkusanyiko uitwao Mesa, unaobeba Vulkan na OpenGL, njia ya zamani zaidi ya kazi hiyohiyo. Zote mbili huja na Linux yako siku ya kwanza na husasishwa pamoja na vitu vingine, kwa hiyo huna ukurasa wa kwenda kupakulia chochote.

Draiva ya NVIDIA unaipachika mwenyewe. Ubuntu ina `sudo ubuntu-drivers install`, Linux Mint ina dirisha la Driver Manager, Fedora inakutaka kwanza uongeze hazina ya RPM Fusion. Faili la draiva linalotolewa na kampuni lina zaidi ya megabaiti 300, na bando la kulipakulia linabeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Haki isemwe: kifurushi cha linux-firmware, ambacho kadi za AMD na Intel zinakihitaji, nacho kina mamia ya megabaiti. Tofauti ni kwamba hicho unacho tayari ndani ya flashi.

Kuna hatua moja zaidi. Mara nyingi kila keneli mpya inapoingia, moduli ya draiva ya kupachika (sehemu yake inayoingia kwenye keneli) hujengwa upya juu yake, kwa kawaida kupitia DKMS, chombo kinachoijenga chenyewe. Hatua hiyo huchukua dakika kadhaa, na dakika hizo huku kwetu zina hatari. Jirani yangu mmoja huhariri video za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri. Siku ya Alhamisi alianza kusasisha mfumo, umeme ukakatika moduli ikiwa katikati ya kujengwa. Umeme uliporudi, skrini ilikuwa nyeusi tii, na sherehe ilikuwa Jumamosi. Tuliiokoa hivi: unashikilia kitufe cha Shift au kugonga Esc mashine inapowaka, unachagua keneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB, unaingia, unaandika `sudo dpkg --configure -a`, unaacha imalize. Keneli ya zamani nayo ikigoma, ongeza neno `nomodeset` kwenye mstari wa kuwashia. Umeme ukikatika katikati ya sasisho unaweza kuharibu mashine yenye Intel au AMD pia, lakini hatua ya kujenga moduli inarefusha muda wa hatari, na jirani yangu alikuwa ndani ya muda huo.

Secure Boot, ulinzi unaoruhusu programu zilizosainiwa tu mashine inapowaka, nayo ina neno lake. Ikiwa imewashwa, moduli ya kupachika lazima isainiwe. Mfumo utakuomba nenosiri, kisha ukiwasha upya utaona skrini ya bluu inayouliza kama unakubali ufunguo mpya. Watu wengi hubonyeza kuendelea bila kusoma, draiva inakataa kupakiwa, halafu wanadhani kadi imekufa. Soma skrini hiyo, chagua Enroll MOK, andika nenosiri ulilolitunga.

## Intel: usidharau

Wabunifu wa Nasser Road, penye mashine za uchapaji, wengi wao hawana haja ya kadi ya kujitegemea. Inkscape, GIMP na Scribus zinakwenda vizuri juu ya Intel, na HP EliteBook 840 G3 au ThinkPad T480 itakufanyia kazi hizo zote. Kadi ya Intel pia haina draiva ya kuhangaikia. Inawaka, basi.

Cha kuangalia ni kizazi cha prosesa. Kizazi cha tatu, cha mwaka 2012, kinaishia OpenGL 4.2, na Blender kuanzia toleo la 4.0 inataka 4.3, kwa hiyo haitafunguka. Kizazi cha nne kina Vulkan isiyokamilika, na DXVK, programu inayotafsiri michezo ya Windows iende kwenye Linux, kuanzia toleo la 2, inadai Vulkan 1.3. Kuanzia kizazi cha sita mambo yanatulia. Mimi humshauri mtu aongeze kidogo apate cha saba, kwa sababu hapo ndipo Intel ilianza kusoma video za muundo wa VP9 kwa ukamilifu ndani ya chipu, na VP9 ndiyo YouTube inayokutumia mara nyingi. Prosesa inapumzika, feni inanyamaza, betri inadumu. AV1, muundo mpya zaidi wa video, ilikuja na kizazi cha 11. Ili ufaidi hayo sakinisha kifurushi cha intel-media-va-driver, kinachohudumia kizazi cha tano na kuendelea.

Kwa upande wa udhibiti, Intel inakupa kidogo. `intel_gpu_top` inakuonyesha kadi inavyofanya kazi, na unaweza kuweka kikomo cha kasi kupitia faili la `gt_max_freq_mhz` chini ya `/sys/class/drm`. Kupunguza volti kulikuwa kunasaidia sana kushusha joto, lakini baada ya udhaifu wa kiusalama ulioitwa Plundervolt kutangazwa mwaka 2019, mashine nyingi zilifungiwa uwezo huo kwa masasisho ya BIOS.

## AMD: ninayoipenda, na kasoro zake

amdgpu iliingia kwenye keneli 4.2 mwaka 2015. Juu yake kuna RADV, draiva ya Vulkan iliyoanzishwa na watu wa nje ya AMD na baadaye kukuzwa sana na Valve, ambayo mwaka 2022 ilitoa Steam Deck yenye chipu ya AMD na Linux ndani. AMD ilikuwa na draiva yake nyingine ya Vulkan, AMDVLK. Mwaka 2025 iliiacha na kuelekeza nguvu kwenye RADV. Kampuni kuacha kazi yake na kuifuata kazi ya jamii si jambo la kila siku, na linanipa imani na miaka ijayo.

Katika mashine zilizotumika, tafuta laptopi za Ryzen zenye Vega ndani: HP EliteBook 745 G5 na G6, ThinkPad A485 na T495. Zinahariri video kwa Kdenlive bila kusuasua na zinacheza michezo ambayo Intel ya rika lake inaiendesha kwa shida. Kwa kompyuta ya mezani, RX 580 ya mwaka 2017 bado ni kadi nzuri chini ya RADV. Ila kagua feni zake na harufu ya kuungua, maana nyingi zilichimbishwa sarafu za kidijitali.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni ROCm, jibu la AMD kwa CUDA. Orodha rasmi ya kadi zinazokubaliwa ni fupi, na RX 580 ilishatolewa. Mwanafunzi wa Makerere anayetaka kufundisha modeli za akili mnemba kwa PyTorch asinunue RX 580 akitumaini kubahatisha. Ya pili ni HDMI 2.1, toleo la waya wa skrini: mwaka 2024 HDMI Forum ilikataa pendekezo la AMD la kuitekeleza katika draiva ya chanzo huria, kwa hiyo mwenye skrini ya 4K ya hertzi 120 atumie DisplayPort. Ya tatu inawagusa watumiaji wa Fedora. Tangu mwaka 2022 vifurushi vyake vya kawaida havisomi H.264, muundo wa video ulioenea sana, kwa kadi ya AMD kwa sababu ya hataza. Unahitaji mesa-va-drivers-freeworld kutoka RPM Fusion.

## NVIDIA: soma kizazi kabla ya bei

Laptopi za kazi nzito, zile nzito kubeba, ndizo zinazowanasa watu. Muuzaji atakwambia "ina kadi yake", na ni kweli. Mteja wangu mmoja alilipia ziada kwa neno hilo, akanunua HP ZBook 15 G2. Kadi yake ya Quadro K ni Kepler. Alipata kadi ambayo draiva yake ilishafika mwisho.

ThinkPad P50 yenye Quadro M1000M au M2000M ni Maxwell. T480 yenye MX150, na laptopi za GTX 1050, ni Pascal. Vizazi hivi viwili, vilivyofuata Kepler, vimeishia kwenye tawi la 580, kwani tawi la 590 limeviacha. CUDA 13 ya mwaka 2025 nayo imeviacha, utabaki na CUDA 12. Bado zinafanya kazi leo, ila bei iwe ya kitu kinachoelekea jioni. Kuanzia Turing, kama GTX 1650, hali ni nzuri. Mei 2022 NVIDIA ilifungua msimbo wa moduli zake za keneli kwa Turing na kuendelea, mwaka 2024 moduli hizo zikawa chaguo la kawaida, na kadi mpya za kizazi cha Blackwell haziendi bila hizo. Sehemu iliyo nje ya keneli bado imefungwa.

Na nouveau, ile draiva huria? Hapa pia Turing ndiyo mpaka. Kadi za Turing na baadaye zina chipu ndogo iitwayo GSP, na tangu keneli 6.7 nouveau inaweza kuitumia kupandisha kasi ya kadi yenyewe, huku NVK ya Mesa ikitoa Vulkan iliyothibitishwa rasmi. Kwa Pascal na Maxwell za pili, famuwea (programu ya ndani ya kadi) inayohitaji saini ya kampuni iliizuia nouveau kupandisha kasi, hivyo kadi inabaki inatambaa kwa kasi ya kuwashia. Kwa Kepler na Maxwell za kwanza unaweza kuipandisha kwa mkono, kila unapowasha mashine.

Penye CUDA hakuna mpinzani wa karibu, na Blender Cycles inapaa juu ya kadi hizi. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, nayo inataka kadi ya kujitegemea. Ila wahariri wa video wajue kwamba toleo la bure la Resolve kwenye Linux halifungui H.264, ambayo ndiyo kamera na simu nyingi zinayorekodi. Utalazimika kugeuza kila faili kwanza. Kama ulikuwa ukienda NVIDIA kwa ajili ya Resolve ya bure tu, jaribu Kdenlive kabla ya kununua. Waliokimbia Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, unaochukua nafasi ya X11) kwa sababu ya skrini kumetameta wajaribu tena na draiva ya 555 au ya baadaye, ambayo mwaka 2024 ilileta ulandanishi uliokuwa ukikosekana.

## Vyombo vya kudhibiti

| | Intel | AMD | NVIDIA |
|---|---|---|---|
| Kuona kadi inavyofanya kazi | intel_gpu_top, nvtop | nvtop, amdgpu_top, radeontop | nvidia-smi, nvtop |
| Dirisha la mipangilio | hakuna la kutajika | LACT, CoreCtrl | nvidia-settings, LACT |
| Feni | ya mashine yenyewe | LACT, CoreCtrl | nvidia-settings, LACT |
| Kikomo cha wati | hautakihitaji sana | LACT, CoreCtrl | nvidia-smi -pl, LACT |

AMD haijaleta Linux lile dirisha lake la Windows, na sijawahi kulikosa. LACT inafanya karibu yote: mstari wa feni, kikomo cha wati, kasi. CoreCtrl ina faida ya wasifu kwa kila programu, kwamba Blender ikifunguliwa kadi ipande, ikifungwa ishuke. Ukitaka kugusa kasi na volti, ongeza `amdgpu.ppfeaturemask=0xffffffff` kwenye mstari wa kuwashia. Mimi siigusi kasi. Ninachopunguza ni wati. RX 580 hula hadi wati 185, na ukishusha kikomo hatua kwa hatua huku ukipima, utaona joto na uniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla) vinapungua haraka kuliko kasi inavyopungua. Katika chumba chenye vumbi na bati juu, hilo linarefusha maisha ya feni.

nvidia-settings ni dirisha la siku nyingi na lina mengi ndani, lakini kwenye draiva za zamani vitufe vyake vya feni na kasi vinahitaji chaguo la Coolbits na vimefungamana na X11. Ukiwa na draiva hizo kwenye Wayland, havikusaidii. Hapo tumia `sudo nvidia-smi -pl` ukifuatisha idadi ya wati, au LACT, ambayo sasa inazihudumia kadi za NVIDIA pia. Kwenye laptopi nyingi kikomo cha wati kimefungwa na amri itakataliwa.

Sasa mashine zenye kadi mbili, Intel na NVIDIA pamoja. Kwa Turing na kuendelea draiva inaweza kuizima kabisa kadi kubwa isipotumika. Maxwell na Pascal hazina uwezo huo chini ya draiva ya kampuni: kadi inabaki macho ikila umeme hata ukiandika barua tu. Kama unaendesha kazi kwa betri ya sola au inveta, utaliona hilo mapema sana. Kwenye Ubuntu na Mint andika `sudo prime-select intel`, uwashe upya, na kadi kubwa italala. Siku una kazi ya Blender, `sudo prime-select nvidia` kisha uwashe upya tena. Distro (matoleo ya Linux) zisizo na prime-select zina EnvyControl.

Kwa hiyo ukiwa tayari umenunua ile ZBook au P50, usikimbilie kuiuza kwa hasara. Ndani yake mara nyingi kuna Intel pia, na draiva ya Intel haijaachwa. Angalia kwanza kwenye BIOS kama imeruhusiwa, maana baadhi ya mashine hizi hufika zikiwa zimewekwa zitumie kadi kubwa peke yake. Iruhusu, chagua intel, pima betri kwa wiki moja. Yule mteja wangu wa ZBook alifanya hivyo, na mashine ile bado iko mezani kwake.